Uzinduzi wa Lakabu Mbili za Programu ya Maji

Ndugu Mwenyekiti wa mtaa wetu wa nyumba arobaini. Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi, ambaye hukaimu nafasi yangu ninaposafiri na hukaimu nafasi yake mwenyewe ninaporudi. Wakuu wa vitengo vyote vya Idara ya Mgao wa Maji. Makaimu wakuu wa vitengo ambavyo bado havijapata wakuu. Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Majina Marefu. Mjumbe wa Kamati Ndogo ya Majina Mafupi, ambaye namwona ameketi peke yake. Wataalamu wa kompyuta. Fundi bomba wetu uliyesimama mlangoni na msumeno wako. Wakazi wote wa namba moja hadi namba arobaini. Wageni waalikwa, na wageni mliojialika baada ya kusikia kuna chai. Mabibi na mabwana, hamjambo?

(Hatujambo ya wastani.)

Hamjambo tena!

(Hatujambo kubwa kidogo. Mama wa namba tano, kutoka safu ya katikati: "Hatujambo, ila hatujaoga!" Kicheko.)

Asante, mama, kwa mchango huo. Nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo, kwa mujibu wa taratibu za utumishi, naruhusiwa kuionyesha. Leo tunazindua Mradi Jumuishi wa Kuzipa Namba Majina Yanayosomeka, mradi ambao ofisi yangu imeubuni, imeujadili, imeuboresha, imeujadili tena kwa sababu walioujadili mwanzo walikuwa wamesahau walichokubaliana, na hatimaye imeutengenezea bango lile mnaloliona nyuma yangu, lenye picha yangu upande wa kulia na picha ya koki upande wa kushoto.

(Makofi, hasa safu ya mbele. Sauti kutoka nyuma: "Koki ni ipi?" Kicheko kirefu. Mheshimiwa Mkurugenzi naye anacheka, baada ya kuhakikisha wengine wanacheka.)

Kabla sijaingia katika kiini, nawakumbusha tulikotoka. Zamani maji ya mtaa huu yalifunguliwa na mtu mmoja mwenye spana moja, na mtu huyo akiugua, mtaa mzima ulikuwa na kiu ya mtu mmoja. Ofisi yangu ikasema hapana. Tukaweka koki za umeme, na kompyuta yenye programu, ambayo kila siku kuanzia alfajiri ilifungulia kila nyumba kwa zamu, dakika thelathini bila upendeleo, na ikafanya kazi vizuri sana mpaka tulipoifanyia maboresho.

(Kicheko. Chanzo chake hakikuthibitishwa.)

Tangu maboresho hayo, nyumba thelathini na tisa hazijapata hata tone, na nyumba moja, yaani namba thelathini anakokaa kinyozi wetu, inapata maji yote. Kitakwimu, wastani kwa kila nyumba bado unaridhisha, na hilo ni fanikio ambalo watu hawalisemi. Hata hivyo, ofisi yangu haikulala. Nilichukua hatua madhubuti, shirikishi na ya haraka, kwa kusaini amri kwamba bomba la namba thelathini likatwe leo hii, mara tu nitakapomaliza hotuba hii, kwa tuhuma ya kujipendelea maji.

(Minong'ono. Kinyozi wa namba thelathini anasimama, kitana bado kimechomekwa mfukoni: "Mzee wangu, nimejipendelea wapi? Mimi nilikuwa nanyoa watu, maji yakaja yenyewe!")

Keti, ndugu yangu. Utasikilizwa baada ya bomba kukatwa, kama utaratibu unavyoelekeza.

(Mama wa namba tano: "Na likikatwa la kwake sisi tutachota wapi? Si tunachota kwake hapohapo!" Sauti nyingi: "Kweli! Kweli!" Fundi bomba anahamisha msumeno kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.)

Hoja imepokelewa na itawekwa mahali. Sasa, maboresho hayo yalikuwa nini? Nitawaeleza bila kujisifu, ingawa wazo lilikuwa langu. Nilitembelea chumba chetu cha kompyuta, kile chumba kidogo chenye feni inayogeukia upande mmoja tu, nikamkuta binti yetu wa programu, yule pale mwenye miwani, akiwa anafanya kazi. Nikamwomba aache kazi ili anionyeshe kazi. Akanionyesha mstari mmoja wenye amri inayoitwa fungulia, na mbele yake namba mbili. Nikamuuliza, "Binti, hii namba ya kwanza ni nini?" Akasema, "Ni namba ya nyumba, mzee." "Na ya pili?" "Dakika za maji." Ndugu zangu, nilishtuka! Kwani kaulimbiu ya idara yetu ni ipi?

(Naibu Mkurugenzi, baada ya kugeuka na kulitazama bango: "Huduma Kwanza!")

Huduma Kwanza! Na huduma ni nini, kama si dakika za maji? Nyumba ni mpokeaji tu. Iweje mpokeaji akae mbele na huduma ifuate nyuma kama mkia? Nikaagiza papo hapo, kwa mamlaka niliyopewa, dakika zitangulie na nyumba ifuate. Binti akasema, "Mzee, nikigeuza huku zinakotumwa, itabidi nigeuze na kule zinakopokelewa." Nikamwambia huko kunakopokelewa tutakujadili katika kikao kijacho, kwa sasa ageuze huku ninakokuona. Akageuza. Tukapiga picha, na ndiyo ile iliyoko kwenye kalenda ya idara.

(Makofi machache. Kinyozi anamnong'oneza jirani yake jambo. Jirani anaziba mdomo kwa kiganja.)

Malalamiko yalipoanza, sikungoja. Nilirudi katika chumba kile na ujumbe wa watu kumi na mmoja, tukajipanga nyuma ya kiti cha binti, na waliokuwa karibu na feni wakapata hewa. Nikamwambia, "Soma, tulione kosa." Akasoma huku zinakotumwa: namba, namba. Akasoma kule zinakopokelewa: namba, namba. Nikasema, "Mbona vinafanana? Basi hakuna kosa." Akasema, "Ndiyo shida yenyewe, mzee. Dakika ni namba na nyumba ni namba. Zote zimeandikwa namba tu. Hata mimi niliyeandika, nikitoka kunywa chai nikarudi, lazima nianze kuhesabu kwa vidole ipi ni ipi." Hapo ndipo akaniomba kitu ambacho mimi, kwa upeo wangu, nilikiona mara moja kuwa ni mradi. Akaomba kuandika lakabu mbili.

Lakabu ni nini? Najua mnajiuliza. Hata Naibu wangu alijiuliza, na mimi nilimsikiliza akijiuliza huku na mimi nikipata muda wa kufikiri. Tuseme nyumbani kwenu kuna mama, shangazi na babu. Sasa tuseme hakuna anayeitwa hivyo, kila mmoja anaitwa mtu. Asubuhi unasikia: "Mtu, mwambie mtu ampelekee mtu chai." Nani anaamka?

(Kicheko. Sauti: "Hakuna!" Sauti nyingine: "Kwetu hata ukiwaita kwa majina hawaamki!")

Hakuna anayeamka! Lakini ukisema, "Mama, mwambie shangazi ampelekee babu chai," chai inafika ikiwa bado ya moto. Shangazi hajabadilika, ni mtu yuleyule, mguu uleule unaouma. Umempa tu jina linalosema yeye ni nani katika sentensi ile. Ndivyo ilivyo kwenye programu. Unaandika mahali pamoja, juu kabisa: Dakika ni namba. NambaYaNyumba ni namba. Basi! Kuanzia hapo kila penye dakika unaandika Dakika, na kila penye nyumba unaandika NambaYaNyumba, na anayekuja kusoma baadaye hahitaji kuhesabu kwa vidole. Hata mimi, Mkurugenzi wenu, ninafahamika ofisini kama Mheshimiwa na nyumbani kama Baba, lakini mtu ni mmoja.

(Mama wa namba tano: "Na mtaani Bwana Kesho!" Kicheko kikubwa. Mheshimiwa anakunywa maji.)

Ni ishara ya upendo wa wananchi. Nasema kwa kujiamini kwamba, kutokana na lakabu hizi, usomekaji wa programu yetu utapanda kwa asilimia mia moja na nne, na kuanzia leo mashine itakataa katakata, itagoma, itatoa sauti, mtu yeyote akijaribu kuweka dakika mahali pa nyumba!

(Makofi. Binti wa programu anainua mkono: "Mzee, samahani. Haitakataa.")

Nimesema itakataa kwa maana ya kwamba haitakataa. Fafanua, binti.

(Binti: "Kwa mashine, zote bado ni namba tu, mzee. Lakabu ni kwa ajili yetu sisi tunaosoma. Ukiona huku imeandikwa Dakika halafu NambaYaNyumba, na kule NambaYaNyumba halafu Dakika, unajua palepale kwamba zimepishana. Jicho ndilo linalokataa.")

Ndivyo nilivyosema. Sasa msidhani majina haya mawili yameokotwa njiani. Yamepita katika mchakato. Kamati Ndogo ya Majina Marefu ilipendekeza dakika ziitwe MudaWaHudumaKwaMpokeajiMlengwaUliopimwaKwaDakika. Lilikuwa jina zuri, lenye heshima, na wajumbe walilisoma kwa kupokezana. Binti akasema jina hilo linatoka nje ya skrini, nami nikashauri tutafute skrini pana zaidi. Mjumbe wa Majina Mafupi naye akapendekeza D na N. Binti akamuuliza, "D ni dakika, au dada, au dirisha?" Mjumbe akajibu, "Itategemea." Tangu siku ile wajumbe wenzake walihamia kamati nyingine.

(Mjumbe wa Kamati Ndogo ya Majina Mafupi, bila kusimama: "Nilionewa.")

Rekodi zitaonyesha hivyo, kwa ufupi. Mimi nilipoona moto wa majina umewaka, nikashauri tuende mbali zaidi, kila namba ipate lakabu, na kila lakabu ipate lakabu yake ya akiba endapo ya kwanza itasafiri. Binti akakataa kwa adabu. Alisema lakabu zikizidi, msomaji atashinda anatafuta nani ni nani, kama mtu aliyeingia kwenye harusi ambayo kila mgeni anaitwa shemeji. Nikalipokea wazo hilo na kulitamka tena kwa sauti kubwa zaidi, na ndipo likapita.

Kwa kuwa muda umekwenda na fundi bomba amechoka kusimama, tuingie kipengele cha utekelezaji wa amri. Kwa uungwana wangu nimeamua kubadili utaratibu. Mtuhumiwa wa namba thelathini asikilizwe sasa, kwa kifupi, kisha bomba likatwe.

(Kinyozi anasimama: "Mzee, mimi sielewi kompyuta. Ninachojua, alfajiri maji yanakuja kama mtu anayekohoa. Yanatoka dakika moja, yanakatika. Yanarudi, yanatoka zaidi kidogo, yanakatika. Yanaendelea hivyo, kila yakirudi yanakaa zaidi ya mwanzo, mpaka jioni yanatoka kama vile yamenisahau. Mteja nikimpaka sabuni alfajiri, namsuuza mchana!" Kicheko.)

Umesikika. Fundi, sogea.

(Binti wa programu anasimama ghafla: "Mzee, subiri! Hiyo ndiyo programu yenyewe. Zamu ya nyumba ya kwanza, dakika moja. Zamu ya nyumba ya tano, dakika tano. Zamu ya arobaini, dakika arobaini. Zote zinaenda namba thelathini!" Mama wa namba tano: "Kwa hiyo hizo dakika tano ni zangu?" Binti: "Ni namba ya nyumba yako, mama. Programu inaisoma kama dakika. Na zile dakika thelathini za kila mtu inazisoma kama namba ya nyumba ya kinyozi." Ukumbi mzima: "Aaaa!")

Naam. Hotuba yangu imeeleweka.

(Mama wa namba tano, akimgeukia kinyozi: "Baba wee, na mimi nilikuita mwizi mbele ya mawifi zangu!" Kinyozi: "Na ulipomaliza kuniita ukachota ndoo tatu." Mama: "Sasa uwe mwizi usiwe mwizi, nguo si lazima zifuliwe?" Kicheko. Mama anampa mkono; kinyozi anaupokea kwa mikono miwili.)

Ndugu wananchi, mapatano hayo ni matunda ya mradi. Imedhihirika kwamba namba thelathini hakujipendelea maji, bali alipelekewa. Hata hivyo, amri ni amri, imesainiwa, ina mhuri, na nakala yake imekwishapelekwa kwa wahusika, mmoja wao akiwa mimi. Siwezi kuifuta amri kwa sababu tu imebainika si sahihi. Tukianza hivyo tutafuta ngapi?

(Makelele. Sauti: "Acheni bomba la watu!" Sauti: "Hilo ndilo bomba letu sote!" Fundi bomba anautazama msumeno, kisha anamtazama Mheshimiwa, kisha anatazama nje.)

Utulivu! Utulivu, ndugu zangu! Bomba litazungumziwa. Tusiache hasira ituharibie hafla. Nitasema kauli tatu nanyi mtanijibu kwa moyo mmoja. Kila namba!

(Safu ya mbele: "Na jina lake!")

Programu safi!

(Safu ya mbele, pamoja na Mwenyekiti wa mtaa: "Msomaji huru!")

Lakabu oyee!

(Naibu Mkurugenzi, peke yake: "Oyee!")

Namalizia kwa shukrani, na naomba nisimsahau mtu. Nawashukuru wajumbe wote wa kamati zote. Namshukuru mchoraji wa bango, ambaye alinipunguza tumbo bila kuombwa. Kwa namna ya pekee kabisa namshukuru binti yetu wa programu, ambaye kwa uvumilivu mkubwa amekuwa akiniomba ruhusa ya kuandika hiyo mistari miwili ya lakabu, ruhusa ambayo nitaitoa mara tu kikao cha tathmini kitakapothibitisha mafanikio ya lakabu hizo, kwa sababu hatuwezi kuruhusu kitu kiandikwe kabla hatujajua kimefanikiwa kiasi gani.

(Kiti kimoja kinalia. Mama wa namba tano: "Mzee, ina maana hazijaandikwa?")

Zimezinduliwa, mama.

(Mama wa namba tano: "Nimeuliza kama zimeandikwa.")

Binti?

(Binti wa programu: "Hakuna hata herufi, mzee. Programu iko vilevile ulivyoiacha kwenye kalenda.")

Basi kiufundi tunaweza kusema kwamba mradi uko katika hatua ambayo haujaanza, na ndiyo hatua yenye gharama ndogo kuliko zote. Naendelea na shukrani. Nawashukuru akina dada waliotuandalia chai, chai ambayo maji yake, pamoja na maji yaliyotumika kudeki ukumbi huu, na maji yaliyoko kwenye glasi hii mbele yangu, kwa mujibu wa maelezo niliyopewa hapa, yametoka... yametoka namba thelathini.

(Kicheko kinachoanzia nyuma na kufika mpaka safu ya mbele. Kinyozi anachungulia dirishani, kisha anasema kwa sauti ya kawaida: "Jamani, jua linazama. Zamu ya arobaini ndiyo hii. Yanatoka sasa hivi." Viti vinasukumwa. Watu wanainuka kwa wingi. Akina dada wa chai wanatoka na sufuria zao, Mwenyekiti wa mtaa na dumu, wajumbe wa Majina Marefu kwa mstari.)

Ndugu zangu, hotuba haijafungwa! Mheshimiwa Naibu, wewe keti!

(Naibu Mkurugenzi: "Mzee, nyumbani nina mtoto mchanga." Anatoka.)

Fundi bomba! Fundi bomba yuko wapi? Karani, wewe unayeandika hotuba hii, mwite fundi, mwambie ile amri nimeifuta. Andika kwamba nimeifuta kwa hiari yangu.

(Imeandikwa. Fundi bomba hayupo mlangoni. Msumeno umeegemezwa ukutani.)

Na wewe binti, umesimama unanitazama nini? Hizo lakabu mbili, nenda kaziandike. Ukiziona zimepishana, zipange. Ruhusa ndiyo hii, ya mdomo, mbele ya... mbele ya viti hivi.

(Binti wa programu, akiwa amekwisha kuvaa mkoba begani: "Nakwenda, mzee. Kesho alfajiri kila nyumba itapata zake." Anatoka mbio.)

Vizuri sana. Sasa kipaza sauti hiki kizimwe. Hakizimiki? Basi nitasema hivyohivyo, na wa nje mnisikie. Mimi, Mkurugenzi wa Mgao wa Maji, nakaa namba kumi na nne. Mama watoto ameniambia leo nisirudi mikono mitupu, na alipolisema hilo hakuniita Mheshimiwa. Naomba mtu mwenye ndoo ya ziada anisaidie. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Kinyozi, kutoka nje, kwa sauti kubwa na ya furaha: "Karibu sana, mzee wangu, ndoo ipo! Ila foleni inaanzia kule, nyuma ya fundi bomba!")